Joto, Halijoto na Fukuto: Usalama wa Kichakataji na Kadi ya Michoro katika Kompyuta za Michezo, Shika Adabu, Mombasa

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi halijoto ya kichakataji na ya kadi ya michoro inavyoweza kupimwa na kudhibitiwa katika kompyuta za mkononi zilizoundwa kwa ajili ya michezo ya video, yakizingatia mazingira ya wadi ya Shika Adabu, Likoni. Hoja kuu ni kwamba udhibiti huo huanza na sentensi sahihi. Mtumiaji asiyetenganisha joto na halijoto, au anayelichukulia fukuto analolihisi mwilini kuwa ndilo linaloiathiri mashine, hawezi kujua kama tatizo liko katika msimu, katika mkao wa mashine au ndani ya mashine yenyewe. Makala yanapendekeza hesabu moja nyepesi ya kutenganisha sababu hizo, kisha yanaonyesha namna ya kulieleza tatizo kwa Kiswahili ambacho fundi anaweza kukifanyia kazi.

1.0 Utangulizi

Shika Adabu ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Likoni. Nyingine ni Mtongwe, Bofu, Likoni na Timbwani. Kama ilivyo kwingineko katika Mombasa bara, nyumba nyingi za hapa zimeezekwa kwa mabati, na si ajabu kukuta chumba kimoja cha kupanga kikiwa ndicho cha kulala, cha kusomea na cha kupumzikia. Katika chumba cha namna hiyo kitanda huwa ndicho kiti na ndicho meza. Kompyuta ikiingia humo, mahali pake pa kwanza ni juu ya godoro.

Kompyuta ya michezo huonekana na wazee wengi kuwa chombo cha anasa. Hata hivyo, mashine inayoweza kuendesha mchezo mzito wa kandanda au wa mbio za magari ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuhariri video za harusi, kuchora mabango ya biashara na kuandikiwa tasnifu. Mara nyingi imenunuliwa kwa akiba ya miezi mingi au kwa mchango wa jamaa. Ikiharibika, kinachopotea si burudani ya jioni tu bali pia kazi ya mchana, na pengine sura tatu za utafiti ambazo hazikuwa zimehifadhiwa kwingine.

Tatizo la joto katika mashine hizi lina upande wa lugha ambao haujadiliwi sana. Mwenye mashine hufika kwa fundi na kusema: “Inachemka,” au “Imepata moto,” au “Inajizima yenyewe.” Fundi, kwa kuwa hana zaidi ya hayo, hukisia. Huenda akabadilisha feni ambayo haikuwa na kasoro. Baada ya wiki mbili mashine hujizima tena, mteja hudai kuwa ametapeliwa, na fundi hudai kuwa mteja hajui kutunza mali yake. Hakuna aliyesema uongo kati yao. Walichokosa ni maneno ya kutenganisha mambo manne yaliyofungwa katika neno moja, “moto”.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo haipimwi katika hotuba na mitihani pekee. Hupimwa pia mezani pa fundi, pale ambapo watu wawili wanaozungumza Kiswahili tangu utotoni wanapaswa kuelewana kuhusu chombo ambacho maelezo yake yote yameandikwa kwa lugha nyingine.

2.0 Dhana ya Joto na Dhana ya Halijoto

Katika mazungumzo ya kawaida neno “joto” hubeba maana mbili. Husemwa “joto limezidi leo” kwa maana ya kipimo, na husemwa “jiko hili linatoa joto” kwa maana ya nishati. Wataalamu wa sayansi walikwisha kuzitenga maana hizi: joto ni nishati inayohama kutoka kitu kimoja hadi kingine, na halijoto ni kipimo cha ukali wake, kinachotajwa kwa nyuzi za Selsiasi. Wanafunzi hukariri tofauti hiyo shuleni na kuiacha huko huko. Kwa mwenye kompyuta ya michezo, tofauti hiyo ina thamani ya fedha.

Mfano wa jikoni unatosha. Kikombe cha chai chenye nyuzi 80 kina halijoto ya juu kuliko pipa la maji yenye nyuzi 35. Hata hivyo, pipa hilo lina nishati nyingi zaidi, na ndiyo maana litakawia kupoa kuliko kikombe. Kichakataji kinafanana na kikombe hicho. Kipande chake cha silikoni ni kidogo, aghalabu hakizidi sana ukubwa wa stempu ya barua, lakini hupitisha makumi ya wati za umeme. Kwa kuwa karibu umeme wote unaoingia hugeuka joto, halijoto ya kipande hicho hupanda kwa sekunde chache tu ikiwa joto halina njia ya kutokea.

Umuhimu wa utenganishaji huu unaonekana katika tiba. Feni ikizungushwa kwa kasi zaidi, halijoto ya kichakataji hushuka, lakini joto linalozalishwa halipungui. Limehamishwa tu kutoka ndani ya mashine hadi chumbani. Kompyuta inayotumia wati 150 wakati wa mchezo hukipasha chumba joto kama globu moja na nusu ya zile za zamani za wati 100. Katika chumba kidogo cha mabati kilichofungwa madirisha, hewa hiyo hiyo iliyopashwa ndiyo itakayovutwa tena na feni. Kwa hiyo kuna aina mbili za tiba ambazo hazipaswi kuchanganywa: kupunguza joto linalozalishwa, na kuharakisha uondoaji wa joto lililokwisha kuzalishwa.

3.0 Chanzo cha Joto na Njia Yake

Kichakataji na kadi ya michoro, ambazo mafundi wengi huziita prosesa na grafiki, zimeundwa kwa mabilioni ya swichi ndogo zinazoitwa transista. Kila swichi inapofunga na kufungua hutumia umeme kidogo. Kiasi kinachotumika kwa shughuli hiyo hutegemea kasi ya kufunga na kufungua, na hutegemea pia volti ikizidishwa kwa yenyewe. Kipengele hiki cha pili ndicho chenye siri. Volti ikipunguzwa kwa asilimia 10, hesabu huwa 0.9 mara 0.9, yaani 0.81, nguvu hushuka kwa asilimia 19 hata kama kasi haikuguswa.

Joto limewahi kubadilisha mwelekeo wa teknolojia yenyewe. Kwa miaka mingi kampuni zilishindana kuongeza kasi ya vichakataji. Mwaka 2004 kampuni ya Intel iliuacha mradi wa kichakataji kilichoitwa Tejas, na matumizi makubwa ya umeme pamoja na joto lake vilikuwa miongoni mwa sababu. Tangu hapo mkazo ulihamia kwenye kuweka viini kadhaa katika kichakataji kimoja badala ya kukimbiza kiini kimoja bila kikomo. Kijana anayenunua leo mashine yenye viini 8 anarithi uamuzi uliotokana na joto.

Njia ya joto ndani ya kompyuta ya mkononi ina vituo vinavyofuatana. Joto hutoka kwenye silikoni, hupita katika tabaka jembamba la pesti, huingia katika bamba la shaba, kisha hubebwa na mabomba bapa ya shaba hadi kwenye mapezi membamba ya chuma yaliyo ukingoni mwa mashine. Hapo feni huyapuliza mapezi, na hewa ya moto hutoka nje. Mabomba hayo si mashaba matupu. Ndani yake mna maji kidogo sana. Upande wa kichakataji maji hayo hugeuka mvuke, mvuke hukimbilia upande wa mapezi na kuwa maji tena, na maji hurudishwa kwa utambi uliotandazwa ndani ya bomba. Mtu aliyeona utambi wa kandili ukipandisha mafuta ya taa haoni ugumu kuielewa kazi hiyo.

Kituo kimoja kikiziba, vituo vyote vilivyo nyuma yake hupanda halijoto. Vumbi likijaa katika mapezi, pesti ikikauka au matundu ya chini yakizibwa na godoro, kijana chumbani ataona jambo lile lile: mchezo unakwamakwama na kibodi inaunguza vidole. Dalili zinafanana ilhali sababu ni tofauti, na ndiyo maana neno “inachemka” halimsaidii fundi.

4.0 Maneno Yanayopotosha na Neno Linaloongoza

4.1 Kupakata

Nchini Kenya, kompyuta ya mkononi huitwa pia kipakatalishi. Nchini Tanzania husikika kompyuta mpakato. Majina yote mawili yamejengwa juu ya kitenzi “pakata”, yaani kuweka juu ya mapaja kama mtoto anavyopakatwa. Kimofolojia ni majina yaliyoundwa vizuri. Kimatumizi, yanaelekeza kwenye mkao ambao kompyuta ya michezo haipaswi kuwekwa kamwe. Katika mashine nyingi za aina hii hewa huvutwa kwa matundu ya chini. Ikipakatwa, mapaja na leso huziba matundu hayo. Ikiwekwa juu ya godoro, hudidimia na kuzibwa zaidi.

Ngozi nayo hudhurika. Mwaka 2010 madaktari wa Uswisi walieleza katika jarida la Pediatrics kisa cha mvulana wa miaka 12 aliyekuwa akicheza michezo kwa saa kadhaa kila siku kompyuta ikiwa juu ya paja lake. Ngozi ya paja hilo ilifanya mabaka kwa sababu ya joto la muda mrefu. Haifuati kwamba istilahi hiyo itupwe. Jina la kitu si maelezo ya matumizi yake, na anayelifundisha neno “kipakatalishi” darasani angefaa kulisema hilo.

4.2 Fukuto

Wakazi wa mwambao wana neno mahususi kwa joto linalochanganyika na unyevu hewani likamkosesha mtu pumzi: fukuto. Katika usiku wa fukuto, wengi huamini kwamba kompyuta nayo “inateseka” kama wao. Imani hiyo ina kasoro. Mwili wa mwanadamu hujipoza kwa jasho linalokauka. Unyevu ukizidi hewani, jasho halikauki, na mtu hujiona anaungua hata nyuzi zikiwa 28 tu. Mashine haitoi jasho. Kinachoihusu ni halijoto ya hewa inayoivuta. Usiku wa fukuto wa nyuzi 28 huko Likoni ni nafuu kwake kuliko adhuhuri kavu ya nyuzi 36 huko Garissa, ingawa mchezaji angesema kinyume.

Kwa sababu hiyo hiyo, panka la darini linalomburudisha mchezaji halishushi halijoto ya chumba. Linakausha jasho lake. Kwa mashine, faida ya panka ni kuiondoa hewa ya moto iliyojikusanya nyuma ya mapezi, na faida hiyo huwa kubwa tu pale dirisha likiwa wazi.

Unyevu wa pwani una madhara yake, lakini ni ya namna nyingine. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na chumvi pamoja na unyevu huharakisha kutu katika viungo vya chuma. Vumbi la barabara za udongo likichanganyika na unyevu hushikamana na mapezi kama utando. Madhara haya hujijenga kwa miezi. Hayaji kwa usiku mmoja.

4.3 Kupumua

Miongoni mwa misemo ya kawaida upo mmoja unaofaa kuliko yote: “Mashine haipumui.” Tamathali hii ni sahihi kiufundi. Ina njia ya kuvuta na njia ya kutoa, na humfanya msikilizaji aulize mara moja ni njia ipi iliyozibwa. Anayetaka kumfundisha mdogo wake utunzaji wa kompyuta aanzie hapo: mashine huvuta pumzi kwa chini na kuitoa kwa nyuma au kwa kando, na mdomo wake haupaswi kufunikwa.

5.0 Mipaka ya Usalama

Kila mtengenezaji huweka ukomo wa halijoto kwa kila kichakataji. Kwa vichakataji vingi vya kompyuta za mkononi ukomo huo uko kati ya nyuzi 95 na 105. Kadi za michoro za mashine hizi huanza kujipunguza kasi mapema zaidi, aghalabu nyuzi zikikaribia 87. Kikomo mahususi hupatikana katika maelezo ya mtengenezaji, nacho ndicho cha kufuatwa.

Katika matumizi ya kila siku, makadirio yafuatayo yanafaa. Mashine ikiwa haifanyi kazi nzito, nyuzi 40 hadi 60 ni za kawaida kwa chumba cha pwani. Wakati wa mchezo, kichakataji kikiwa kati ya nyuzi 75 na 90, na kadi ya michoro ikiwa kati ya 65 na 85, hakuna sababu ya hofu. Kichakataji kikikaa nyuzi 95 na zaidi kwa muda mrefu, au kadi ya michoro ikivuka 87 mara kwa mara, hatua zichukuliwe.

Mashine ina ulinzi wake. Halijoto ikifika ukomo, kichakataji hujipunguza kasi ili kizalishe joto kidogo. Mchezaji huona picha zikikwama. Ikiendelea kupanda, mashine hujizima ghafla. Dalili ya mvua ni mawingu: kukwamakwama kwa picha ndiyo mawingu, na kujizima ndiyo mvua. Wapo wanaodhani kwamba, kwa kuwa ulinzi huo upo, hakuna haja ya kujali. Dhana hiyo husahau mambo mawili.

Kwanza, uharibifu hautokani na kilele cha halijoto peke yake, bali pia na kupanda na kushuka kwake. Viungo vya chuma vinavyoshikilia kadi ya michoro hutanuka vikipata joto na kusinyaa vikipoa. Mzunguko huo ukirudiwa mara nyingi, viungo dhaifu hupasuka. Mwezi Julai 2008 kampuni ya NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 za Marekani kwa ajili ya kadi za michoro za kompyuta za mkononi zilizokuwa zikiharibika kwa sababu ya udhaifu wa malighafi ya ufungaji wake. Pili, jirani wa kichakataji hawana ukomo sawa na wake. Betri ya lithiamu huzeeka haraka ikikaa katika joto, hasa ikiwa imejaa chaji muda wote. Betri iliyovimba haitibiwi. Mashine izimwe na betri itolewe na fundi.

6.0 Kaskazi, Kusi na Hesabu ya Tofauti

Mkazi wa Shika Adabu anakabiliwa na swali ambalo maelezo mengi yaliyoandikiwa nchi za baridi hayaligusi: mashine iliyokuwa salama mwezi wa Julai inapofika nyuzi za kutisha mwezi wa Machi, je, imeharibika au msimu umebadilika? Katika majira ya kaskazi, mchana wa Machi hewa ya Mombasa hukaribia nyuzi 33. Katika kusi, Julai na Agosti, mchana hubaki nyuzi 27 au 28. Chumba cha mabati kinaweza kuzidi vipimo hivyo.

Jibu hupatikana kwa kutoa. Kazi ikiwa ni ile ile na feni ikizunguka kwa kasi ile ile, halijoto ya kichakataji hupanda kwa takriban uzi mmoja kwa kila uzi mmoja unaoongezeka chumbani. Kwa hiyo tofauti kati ya vipimo hivyo viwili haipaswi kubadilika sana kutoka msimu hadi msimu. Ichukuliwe mashine ya mfano. Mwezi wa Julai chumba kina nyuzi 26 na kichakataji kina 82 baada ya dakika 20 za mchezo. Tofauti ni 56. Mwezi wa Machi chumba kina nyuzi 32 na kichakataji kina 88 kwa mchezo ule ule. Tofauti bado ni 56. Mashine haijabadilika hata kidogo. Ni kaskazi.

Ikiwa mwezi huo wa Machi kichakataji kimefika 94, tofauti ni 62. Nyuzi sita zimeongezeka ambazo msimu hauwezi kuzieleza. Hapo ndipo panapotafutwa vumbi, pesti iliyokauka au feni iliyochoka. Kipimajoto cha kawaida cha ukutani, pamoja na programu ya bure kama vile HWiNFO inayoonyesha vipimo vya ndani, vinatosha kwa hesabu hii.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mashine ikishafika ukomo na kujipunguza kasi, halijoto yake hugota hapo hapo na tofauti huacha kusema kweli. Katika hali hiyo kinachosomwa ni kasi: kichakataji kilichokuwa kikienda kwa gigahezi 3.8 mwezi wa Julai, na sasa kinaenda kwa 2.9 kwa mchezo ule ule, kimelipa kwa kasi kile ambacho hakikuweza kukilipa kwa nyuzi.

7.0 Hatua za Udhibiti

Hatua zifuatazo zimepangwa kuanzia isiyo na gharama hadi inayohitaji fundi.

(i) Mkao. Mashine iwekwe juu ya kitu kigumu na bapa. Penye kitanda pekee, ubao uliorandwa hutosha. Ukingo wa nyuma uinuliwe kidogo kwa vizibo viwili vya chupa au vipande vya mbao, bila kuziba matundu, ili hewa ipite chini. Nyuma yake pasiwe na ukuta wala pazia.

(ii) Kupunguza joto kwenye chanzo. Mchezo uwekewe kikomo cha fremu 60 kwa sekunde. Ikiwa kioo chenyewe hakiwezi kuonyesha zaidi ya fremu 60, kuizalishia kadi ya michoro kazi ya fremu 120 ni kuchoma umeme wa tokeni bila faida. Katika mashine nyingi zenye Windows, kushusha kiwango cha juu cha kichakataji kutoka asilimia 100 hadi 99 huzuia kile kipando cha ghafla cha kasi, na mara nyingi halijoto hushuka kwa kiasi kinachoonekana.

(iii) Usafi. Mashine izimwe, itolewe chaji, ifunguliwe na mapezi yasafishwe kwa brashi laini. Mabawa ya feni yashikwe kwa kidole yasizunguke wakati vumbi linapopulizwa, kwa sababu kuzungushwa kwa nguvu kunaweza kuiharibu. Katika mtaa wenye vumbi na hewa ya chumvi, kungoja mpaka mashine ianze kujizima ni kuchelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

(iv) Pesti mpya. Kazi hii ni ya fundi. Haihitajiki kila mwaka. Huhitajika pale tofauti iliyoelezwa katika sehemu ya 6.0 inapobaki kubwa hata baada ya usafi.

(v) Kupunguza volti. Hesabu ya sehemu ya 3.0 ndiyo msingi wa njia hii. Hata hivyo, baada ya udhaifu wa kiusalama ulioitwa Plundervolt kufichuliwa mwezi Desemba 2019, watengenezaji wengi waliifunga njia hii katika mashine zenye vichakataji vya Intel. Pale inapowezekana, hatua ziwe ndogo ndogo, na kazi muhimu ihifadhiwe kwanza kwingine.

Kuna jambo la kuepukwa kabisa, nalo ni barafu. Wengine huweka chini ya kompyuta chupa ya maji yaliyogandishwa au taulo lenye maji baridi. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo si ngeni Likoni, huanza kuacha matone juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 24 hivi. Ndiyo sababu chupa ya soda baridi hulowa kwa nje mara tu inapotolewa kwenye friji. Matone hayo hayo yakitokea juu ya saketi, hasara huwa kubwa kuliko ile iliyokuwa ikikimbiwa.

8.0 Sentensi Anayoihitaji Fundi

Kutokana na yaliyoelezwa, taarifa kamili ya tatizo ina vipengele vinne: kiungo, kipimo, kazi na mazingira. Badala ya “Inachemka”, mwenye mashine angesema:

“Kichakataji kinafika nyuzi 94 baada ya dakika 20 za mchezo, chumba kikiwa na nyuzi 32. Mwezi wa Julai, kwa mchezo huo huo, kilikuwa 82 na chumba 26. Kadi ya michoro haijabadilika, iko 78.”

Katika sentensi hizi hakuna neno gumu wala neno la kigeni lisilozoeleka. Hata hivyo, fundi aliyezisikia anajua mengi kabla ya kugusa parafujo. Anajua kwamba msimu si sababu pekee, kwa kuwa tofauti imepanda kutoka 56 hadi 62. Kwa kuwa kadi ya michoro haijapanda hata kwa zile nyuzi sita za msimu, feni na mapezi si washukiwa wa kwanza, hasa pale ambapo viungo hivyo viwili huchangia mabomba. Mshukiwa wa kwanza ni pesti ya upande wa kichakataji. Feni haitabadilishwa bure.

Kwa mtazamo wa isimu, kilichofanyika ni kuhamisha maelezo kutoka kwenye kitenzi kimoja cha tamathali hadi kwenye kauli yenye kiima mahususi na kipimo. Kitenzi “chemka” kina kiima kisichotajwa na hakina kiwango. Kinasema tu kwamba mpaka umevukwa. “Kichakataji kinafika nyuzi 94” kina vyote viwili, na kinaweza kukanushwa kwa kupima. Kauli inayoweza kukanushwa ndiyo inayoweza pia kusuluhisha ugomvi kati ya mteja na fundi.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba halijoto ya kompyuta ya michezo inaweza kudhibitiwa katika chumba cha kawaida cha Shika Adabu bila vifaa vya gharama kubwa, mradi mtumiaji atenganishe joto na halijoto, asiupime ugonjwa wa mashine kwa jasho lake mwenyewe, na ajue kutoa kipimo cha chumba katika kipimo cha kichakataji. Imeonekana pia kwamba istilahi nyingi zinazohitajika zipo tayari. Utambi, mapezi, fukuto, kaskazi na kupumua ni maneno ya wavuvi, ya jikoni na ya barazani, na yameifanya kazi ya kisayansi bila kulazimishwa.

Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada za utafiti wa istilahi waandamane na mafundi wa mitaa yao, wasikilize wanavyolielezea tatizo moja kwa siku nzima, na wayapime maneno yao kwa swali moja: je, anayelisikia neno hili anajua afanye nini? Neno linalofaulu mtihani huo liingizwe kamusini. Lisilofaulu, kama “inachemka”, libaki katika mazungumzo ya kawaida, na kando yake fundi na mteja wapewe kauli iliyo sahihi zaidi.